Mashine Moja, Kuukuu, Inazungumza

Fundi Ngwali bin Sufiani hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wiki aliyozaliwa karani wa vizazi alikuwa amekwenda kwao kuzika. Hakuwa na simu ya kupapasa. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe, na kitufe cha tisa kilikuwa kimezama. Hakuwa na barua pepe. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mtoto aliye hai, hakuwa na jamaa serikalini wala rafiki wa jamaa. Hakuwa na kesi mahakamani, na hakuwahi kuwa nayo maishani, jambo alilolitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakuwa na alama za vidole, kwa kuwa alikuwa mwashi, na saruji na chokaa ya miaka arobaini na nne ilikuwa imezisugua mpaka vidole vyake vikawa laini kama kokoto za mtoni. Na tangu mwezi wa tatu wa mwaka ninaousimulia, hakuwa na uthibitisho kwamba yeye ni mtu.

Alikuwa na mke, Bi Mwanahija. Hilo naliweka hapa mapema, kwa sababu yote yanayofuata yalifanyika kwa ajili ya jicho lake la kushoto.

Nchi yenyewe siwezi kuitaja. Sheria yake ya faragha ni kali, na inailinda nchi pia. Nitasema tu kwamba ina bendera, ina Kiongozi, na mvua zake hunyesha mara mbili kwa mwaka, isipokuwa zikikatazwa.

*

Nchi hiyo ilipata sheria yake nzuri kwa njia hii. Watu walikuwa wakiandika mambo mtandaoni, kama watu wa kila mahali, na mashine nazo zikajifunza kuandika. Siku moja hesabu zikaonyesha kwamba Kiongozi anapendwa na watu milioni kumi na moja katika nchi ya watu milioni sita. Gazeti la Serikali likaeleza kwamba wengine wanampenda mara mbili. Lakini balozi mmoja wa nje alicheka mezani, na Serikali ikaamua kuwatenga watu na mashine.

Uchunguzi wa kwanza ulipokamilika, ilionekana kwamba waliosifu karibu wote walikuwa mashine, na waliolalamika karibu wote walikuwa watu. Serikali haikukasirika. Iliona tu kwamba kuwa mtu ni jambo zito, lisilofaa kugawiwa ovyo.

Ikaundwa Wizara ya Utu na Faragha, ikapewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumthibitisha kila mtu hadharani, katika ukurasa wa mtandaoni uitwao Ubao wa Taifa wa Binadamu, ambao dunia nzima inaweza kuusoma. Ya pili ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna awezaye kujua ni nani aliyethibitishwa. Wasio na elimu walidhani kazi hizi mbili zinapigana. Wizara ilizipatanisha kwa urahisi. Kila aliyefaulu aliandikwa Ubaoni hivi: MTU MMOJA, WA JINSIA FULANI, WA MAHALI FULANI, AMETHIBITISHWA. Mstari uliofuata ulisema vilevile, na uliofuata huo pia.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi Mkuu wa Utu alihutubia akiwa nyuma ya pazia la buluu.

"Ndugu wananchi, ambao majina yenu sitayataja," alisema, "leo tumewasha taa na tumefumba macho. Kuanzia sasa kila mtu ataonekana, na hakuna mtu atakayeonwa. Nchi tajiri zimelijaribu jambo hili zikashindwa, kwa sababu zilitaka lieleweke."

Watu walipiga makofi muda mrefu. Kila aliyethibitishwa alipewa kadi nyeupe isiyo na neno hata moja juu yake. Maandishi yake yanaweza kusomwa na mashine peke yake, na kwa hiyo mashine ndizo zilizopewa kazi ya kuamua nani ni mtu.

Katika mtaa wa Fundi Ngwali, majirani wawili, Bwana Haroub na Bwana Mwinyikai, waligombana wiki nzima juu ya mstari wa elfu arobaini na mbili, kila mmoja akidai kuwa ndiye huyo. Wakaenda Wizarani kuamuliwa. Huko waliambiwa kwamba anayejitambua Ubaoni, au kutangaza kwa jina lake kwamba yeye ndiye yeye, amevunja faragha yake mwenyewe. Kosa hilo huitwa Kujifichua, na kifungo chake ni miezi sita. Walirudi nyumbani kwa njia tofauti, na tangu siku hiyo kila mmoja humsihi mwenzake auchukue ule mstari.

*

Madaktari wa macho hufika katika wilaya ile mara moja kwa mwaka, kwa siku tisa, kisha huondoka na mashine zao. Fundi Ngwali alimpeleka mkewe siku ya pili, Ijumaa asubuhi. Daktari Nyamizi alimulika jicho moja, kisha la pili, akazima tochi yake.

"Mama, la kulia limeshakwenda," alisema. "Sikudanganyi. La kushoto ni mtoto wa jicho, na bado anatoka. Ni nusu saa tu. Lakini likingoja mwaka mwingine, sikuahidi kitu."

"Basi mtoe leo," Bi Mwanahija alisema. "Nimekuja na khanga ya kubadili."

"Kuna hati ya ridhaa. Wewe huwezi kuisoma kwa sababu huoni, kwa hiyo ataitia saini mumeo." Daktari akamgeukia Fundi Ngwali. "Baba, una kadi nyeupe?"

"Sina."

"Fomu inasema kadi nyeupe, au hati yoyote ya mahakama yenye jina lako kamili."

"Mahakama?" Fundi Ngwali alinyoosha mgongo. "Mimi, daktari, nina miaka sabini na moja na sijawahi kukanyaga mahakamani, hata kama shahidi. Muulize yeyote mtaani."

"Sikuulizi kwa ubaya, baba. Nasoma fomu tu."

"Asitie saini jirani?" Bi Mwanahija aliuliza.

"Jirani akijua ugonjwa wa mke wa mtu, siri imevuja. Nitafungwa mimi." Daktari Nyamizi alifungua daftari lake, akaandika kitu kwa penseli. "Nakuwekea nafasi ya mwisho kabisa, Ijumaa ijayo saa sita mchana. Saa tisa gari linaondoka. Nendeni mkathibitishwe. Wanasema siku hizi ni haraka."

Hakusema ni akina nani wanaosema hivyo.

*

Jumatatu Fundi Ngwali alivaa shati lake la Idi, akaenda Wizarani. Jengo hilo alilijenga yeye mwenyewe, miaka thelathini na nne iliyopita, lilipokuwa bado Ofisi ya Maji. Alilitazama kutoka barabarani kama baba anavyomtazama mwanawe aliyepata cheo, kisha akaingia na kupanga foleni.

Maafisa wa Wizara hukaa nyuma ya pazia, kwa faragha yao. Mwananchi huona mikono tu, imevaa glavu. Katika dirisha la nne glavu ilimwelekeza kwenye kioo kidogo.

"Weka kidole," sauti ilisema.

Akaweka. Taa nyekundu. Akaweka cha pili, cha tatu, akamaliza vyote kumi.

"Mzee, vidole vyako havina mtu."

"Vina mtu, mwanangu. Mtu ndiye mimi."

"Mashine inasema hii ni plastiki."

"Ni kazi hiyo. Nimeshika saruji miaka arobaini na nne. Nijaribu vya miguuni?"

Kurasa zilisikika zikifunuliwa. "Vya miguuni havimo kwenye mwongozo. Tuendelee na mahojiano. Je, wewe ni mashine? Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Mashine zote hujibu hivyo."

"Sasa nijibu ndiyo?"

"Ukijibu ndiyo umekiri."

Fundi Ngwali alifikiri. Alikuwa mtu wa kupenda hesabu. Alijua kupata pembe mraba kwa kamba yenye mafundo kumi na mawili. Lakini pembe hii haikukubali.

"Nikinyamaza je?" aliuliza.

"Ukinyamaza tunaandika kwamba umezimika. Mzee, usinipotezee muda, nyuma yako kuna foleni ya watu." Sauti ikasita. "Ya waombaji. Njoo kesho na shahidi. Awe mke. Mke ndiye anayeruhusiwa kukujua."

*

Jumanne walikwenda wawili, Bi Mwanahija akiwa amemshika mumewe mkono wa juu, karibu na bega. Dirisha la nne likawaeleza utaratibu. Shahidi ataonyeshwa picha kumi na mbili, na moja ni ya mwombaji. Akimtambua, basi mwombaji anafahamika kwa binadamu mwingine, na huo ni mwanzo wa utu. Ila kwa ajili ya faragha, picha zote zimetiwa ukungu, ili yeyote atakayezitazama asiweze kumtambua mtu.

"Sasa atanitambuaje?" Fundi Ngwali aliuliza.

"Usimfundishe shahidi."

Bi Mwanahija aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Alipindisha shingo kidogo kulia, kama kuku anayetazama punje. Hakukawia.

"Huyu hapa," alisema, akaweka kidole kwenye picha ya saba.

Glavu ilijitokeza nje ya pazia. "Una hakika?"

"Mwanangu, miaka minne sasa ninamwona hivihivi, asubuhi na jioni. Bega la kushoto limeshuka kwa kubeba karai. Hao wengine ndio siwajui."

"Nachanganya picha. Tafuta tena."

"Huyu."

"Tena."

"Huyu. Mmemweka pembeni, lakini ni yeye."

Walirudia mara kumi. Mara ya tisa afisa aliondoa picha ya Fundi Ngwali kabisa, na Bi Mwanahija akasema, "Mbona hapa hayupo?" Mara ya kumi hata foleni ilikuwa imeacha kunung'unika na kusogea mbele kutazama. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akakatazwa.

"Umeona?" Fundi Ngwali alimwambia yule wa nyuma yake. "Huyo ni mke wangu."

Sauti ya dirisha la nne ilirudi, sasa ikisoma. "Picha zilizotiwa ukungu na Wizara haziwezi kutambuliwa na binadamu. Zimejaribiwa kwa wataalamu. Binadamu wa kawaida hubahatisha mara moja katika kumi na mbili. Shahidi amepatia mara kumi katika kumi. Kwa hiyo shahidi ana uwezo wa mashine, na ushahidi wake umefutwa."

"Mimi ni mashine?" Bi Mwanahija aliuliza.

"Unachunguzwa."

"Mashine isiyoona mlango, mwanangu? Nimekuja hapa nikishikwa mkono, na Ijumaa nangojwa hospitali."

"Mama, usijali. Kwa upande wa hospitali hakuna tatizo. Wao hawadai mgonjwa awe binadamu. Anayedaiwa hivyo ni mtia saini tu."

Waliporudi, Bi Mwanahija alicheka mpaka kona ya soko. Kisha akaacha.

"Ningekosea moja," alisema. "Ningekosea mbili tatu."

"Ungekosea wangesema hunijui."

"Najua. Nasema tu."

*

Waashi wa nchi ile wana desturi ambayo hawaiandiki popote. Jengo likimalizika, fundi mkuu hubonyeza dole gumba lake katika plasta mbichi, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Wanasema jengo lisilo na dole halina wa kulaumiwa likianguka, na kitu kisicho na wa kulaumiwa si kazi, ni bahati. Fundi Ngwali alilikumbuka dole lake akiwa anakunywa uji asubuhi ya Jumatano, akaacha kikombe katikati.

Saa tatu alikuwa mbele ya pazia la Mkurugenzi Mkuu wa Utu mwenyewe. Hakuna aliyejua aliruhusiwaje. Nadhani ni kwa sababu alitembea kama mtu anayejua vyumba vilipo.

"Mheshimiwa," alisema, "alama ya dole langu ninayo, na ni ya zamani, kabla halijafutika. Iko katika jengo hili. Ukumbi wa mikutano, ukuta wa mashariki, nyuma ya picha ya Kiongozi."

Pazia lilitikisika. "Nyuma ya nani?"

"Nilipoliweka, yeye alikuwa bado hajatundikwa."

Kumshusha Kiongozi ukutani si jambo dogo. Kuliandikwa barua, kukaletwa ngazi, na maafisa sita wakaja kama mashahidi, wote wakageuza nyuso zao kwa heshima wakati picha inateremshwa, kwa hiyo hawakushuhudia kitu. Picha ilipowekwa chini, wakiwa wameiegemeza kitini na kuitilia mto, dole lilionekana. Lilikuwa pale, juu kidogo ya kimo cha mtu, limezama nusu inchi, na mistari yake yote imekaa kama mawimbi ya mchanga. Fundi Ngwali alilitazama kwa muda. Ni mara chache mtu kukutana na kidole chake alichokipoteza.

Wakampa kioo cha kukuza. Wakaweka dole la ukutani na dole la mkononi pamoja. Moja lilikuwa na mistari, la pili lilikuwa laini.

"Hayafanani," karani alisema.

"Hayawezi kufanana," Fundi Ngwali alisema. "Hicho ndicho ninachowaeleza tangu Jumatatu."

Mkurugenzi Mkuu, ambaye alikuwa amekuja na pazia lake likibebwa na watu wawili, alizungumza taratibu. "Tumethibitisha kwamba jengo hili lilijengwa na binadamu. Wizara inafurahi kulijua hilo. Hatujathibitisha kwamba binadamu huyo ni wewe. Lakini hebu tulione jambo kubwa zaidi. Kwa miaka thelathini na nne, alama ya siri ya raia, kamili, bila kufunikwa, imekaa katika jengo la umma. Katika Wizara hii. Mabwana, huu ni uvujaji mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi. Lifunikwe sasa hivi."

"Fundi yuko wapi?" mmoja aliuliza.

Wote wakatazama huku na huku. Kulikuwa na fundi mmoja tu ukumbini.

"Mheshimiwa," Fundi Ngwali alisema, "nikilifunika, nitaandikwa Ubaoni? Ijumaa saa sita mke wangu anangojwa hospitali."

"Faili lako nitalitazama mwenyewe."

Hapo karani akakumbuka kwamba asiyethibitishwa haruhusiwi kuajiriwa, hata kwa saa moja. Wakainamiana, wakanong'ona. Wizara ile haikosi ufumbuzi. Karani alifungua daftari la vifaa, akaandika mstari, Mkurugenzi Mkuu akatoa mkono nje ya pazia na kutia saini. Fundi Ngwali alisogea akasoma: Mashine moja ya kupiga plasta, kuukuu, inazungumza.

"Hii ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, kwa muda," karani alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Ningekuwa mimi ningeondoka. Lakini Fundi Ngwali alitazama ukuta, akawaza mtu mwingine akija na mwiko wake na kuacha kidonda katikati ya kazi yake, na hilo hakuliweza. Akaomba saruji na mchanga uliochekechwa. Alinyunyiza maji ukutani kwanza, kama inavyotakiwa, ili plasta ishike. Kisha akajaza dole lake polepole kuanzia chini, akasawazisha kwa mwiko, akamalizia kwa sponji ya maji. Usingejua kwamba palikuwa na kitu. Maafisa walisifu sana. Kiongozi akarudishwa mahali pake.

Aliteremka dirisha la nne mikono ikiwa bado na vumbi.

"Nimekuja kwa ajili ya faili langu," alisema.

Vitufe vililia. "Umo," sauti ilisema, kwa furaha ya kweli. "Umeingia tangu saa tano na robo. Umethibitishwa kuwa mashine, kwa saini ya Mkurugenzi Mkuu."

"Walisema ni kwa muda."

"Saini haina muda, mzee. Lakini shida yako imekwisha. Hutahitaji kuja tena."

*

Getini alisimama askari mmoja aitwaye Chumu. Alipokuwa kijana ndiye aliyemchanganyia Fundi Ngwali zege katika jengo lilelile. Hakumpigia saluti, kwa kuwa sheria hairuhusu kumtambua mtu, ila alijikohoza kama watu wanaofahamiana.

"Chumu," Fundi Ngwali alisema, "wewe unanijua."

"Fundi, sikujui. Nina mstari Ubaoni na watoto watano. Nikisema nakujua nimesema mimi ni nani." Alitazama barabarani. "Bibi hajambo?"

"Ijumaa ndiyo mwisho wa kutibiwa jicho lake, na wanataka kadi nyeupe au hati ya mahakama. Nimebakiwa na kesho."

Chumu alifungua geti, akalifunga, akalifungua tena, ili aonekane yuko kazini.

"Hivi karani wa mahakama," alisema, akizungumza na bawaba, "yeye hana habari za Ubao. Yeye anataka jina lako, la baba, la babu, mtaa, na kovu liko mguu upi. Nilimsindikiza mmoja mwezi jana. Mashine haishitakiwi, fundi. Ukishitakiwa, hapo ni mtu, na nakala ya hati ya mashitaka unapewa siku ileile mkononi. Kisha askari watakupeleka popote unapotaka kwenda kuaga. Wanapenda kutembea."

Fundi Ngwali alijipangusa vumbi mikononi.

"Sijawahi kuwa na kesi, Chumu."

"Najua. Umetuambia sana." Kisha akajirekebisha. "Sijui. Nasikia watu wanasema."

*

Barua za kukiri kosa, katika nchi ile, hazisafiri na barua nyingine. Zina sanduku lake jekundu katika ukuta wa mahakama, na hufunguliwa kila saa. Ni ofisi pekee isiyo na foleni. Alhamisi asubuhi Fundi Ngwali alikaa mezani uani, akachana karatasi mbili za katikati ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa alizojifunza ukubwani, bila kuunganisha.

Kwa Mkuu wa Mashitaka. Mimi ni Ngwali bin Sufiani bin Machano, mwashi. Nimezaliwa mwaka wa njaa ya pili, nyumba ya tatu kutoka kisima cha zamani. Nina kovu goti la kulia, nilianguka na ngazi. Bega langu la kushoto limeshuka. Dole langu limo ukutani mwa Wizara, mashariki, limefunikwa jana nami mwenyewe. Natangaza kwamba mimi ndiye mimi. Najua kwamba ni kosa la Kujifichua na sikulazimishwa. Siri za mke wangu sizitoi, hizo ni zake. Naomba nikamatwe leo, kabla ya alasiri, kwa sababu kesho saa sita nina saini ya kutia.

Akamsomea Bi Mwanahija. Alimsomea mara mbili.

"Umeandika jina lote," mkewe alisema mwishoni.

"Mpaka la babu."

"Watakufunga."

"Wakinifunga itabidi waandike wamemfunga nani."

Bi Mwanahija alitafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaushika. "Miezi sita. Jumamosi nafunguliwa kitambaa. Nitaona kila kitu, na wewe humo."

"Utaona ukuta wa uani. Ulisema nimeupinda. Sasa utaona kama umepinda."

"Umepinda. Niliupapasa."

"Utaona."

"Ngwali, mimi nimekuzoea kwa ukungu. Ukirudi una sura kamili, nitajuaje kwamba ni wewe?"

Hata Wizara haikuwa na jibu la swali hilo. Fundi Ngwali alikoroga uji mzito wa unga wa muhogo uliobaki kikombeni, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na gundi, akaupaka kwenye ukingo wa bahasha na kuukunja. Juu ya mkunjo akabonyeza dole gumba lake, kama afanyavyo fundi kazi ikiisha. Uji ulibonyea, ukabaki laini, bila mstari hata mmoja.

"Lete lako," alisema.

Akamshika mkewe mkono, akaliongoza dole lake mpaka mahali penyewe, na mistari ikakaa juu ya pale pasipo na mistari.

Mahakamani walifika saa nne na dakika chache. Bi Mwanahija alitaka kuitia barua yeye. Aliutafuta mdomo wa sanduku kwa vidole, akaipata nafasi, akaisukuma bahasha mpaka ikaisha. Ikasikika ikigonga chuma chini, maana sanduku lilikuwa tupu.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia," Fundi Ngwali alisema.